Kopo Fupi la Mafuta

Nyumbani, chumba cha nyuma ya gereji,
Jumatano alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mgongo wako, na kwamba vile vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula unavyovitunza huko kambini, kazini kwako, havijakurudishia kikohozi. Sisi huku Mama ni mzima. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na amegoma kucheka mpaka yaote mengine. Mimi pia ni mzima wa mwili. Ningeandika kwamba sote hatujambo, kama barua zinavyotaka, lakini nitakuwa nimeanza kwa uongo.

Nimeijaribu simu yako tangu Jumapili, haipatikani. Leo shuleni nimesikia kwamba mpishi wa kambi yenu, aliyekuja likizo, anarudi huko kesho asubuhi. Nimekimbia nyumbani, hata sare sijavua. Atakukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba, ukimaliza kuisoma panda kile kilima chenu chenye mtandao, umpigie Baba kabla ya Jumamosi. Nikishindwa kueleza vizuri huko mbele, basi hilo moja lishike.

Baba haoni, Shangazi.

Nimekaa nikiitazama sentensi hiyo kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Si kwamba ni kipofu. Anaona mtu akisimama mlangoni, anaona gari likiingia. Maandishi ndiyo yamempotea. Na mboni ya jicho lake la kulia imeingia weupe, kama chai iliyodondoshewa maziwa, na ya kushoto imeanza kufuata. Nimesoma kitabu maktabani, nadhani ni mtoto wa jicho, na kitabu kinasema huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Lakini mimi si daktari, na kwa daktari Baba hajaenda.

Ilianza kidogo kidogo. "Nisomee, mikono ina mafuta." Ujumbe wa simu ukiingia, nisomee, mikono ina mafuta. Risiti ya dukani, nisomee. Mimi nilifurahi! Unajua nilivyo, mbele ya watu ulimi unanata, lakini kusoma ndiyo kazi ninayoiweza, nikajiona msaidizi wake. Halafu akabadilisha taa ya gereji, akaweka kali zaidi. Baada ya muda akaibadilisha tena, sasa inaumiza macho ya kila mtu isipokuwa yake. Mwisho nikaliona bomba la sindano analopimia mafuta ya kompresa, ile pampu ya kiyoyozi cha gari. Amelikwaruza kwa tupa pembeni, alama ya kina ambayo ukucha unaweza kuikuta. Mtu anayeona namba hana haja ya alama hiyo.

Mama anajua. Chumvi, wembe, kitana, kila kitu anakirudisha palepale, na mdogo wangu akisogeza kikombe anafokewa kama ameiba. Nilipomuuliza akasema, "Baba yako anaona vizuri, taa ndiyo mbovu." Akaniangalia kwa namna ambayo sikuuliza tena.

Wewe ndiye uliyemfundisha Baba kazi hii ya viyoyozi vya magari, kwa hiyo nisamehe nikikueleza unachokijua. Ulipokuja mara ya mwisho ulisema mafuta haya yana kiu, yakiachwa wazi yanakunywa unyevu wa hewani, na kwamba yakizidi kiyoyozi hakipozi, yakipungua kompresa inajisaga. Baba anayafuata yote hayo. Hafungui kopo mpaka dakika ya kutia, na hulifunga papo hapo. Kuchagua aina ndiko kunakomshinda sasa. Zamani mafuta ya magari ya kawaida yalikuja kwenye kopo refu, na yale ya magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kwenye kopo fupi nene. Yeye alikuwa akipitisha kiganja rafuni na kuchukua. Hakukosea hata mara moja.

Sasa mwenye duka anayetuuzia mafuta ameleta shehena mpya. Makopo yote ni mafupi.

Wiki iliyopita Kicheko alileta teksi yake, ni haibridi. Huyu Kicheko ni dereva ambaye hata tairi likipasuka anacheka, ndiyo maana ya jina. Kiyoyozi kilikuwa hakipozi, Baba akaziba palipovuja, akatia gesi na mafuta. Kikapoza vizuri. Jumamosi gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limewasha taa nyekundu na kujizima katikati ya njia panda, abiria ndani.

"Fundi," Kicheko akasema, "nilikuambia upoze abiria, sikukuambia upoze na gari!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unafuta spana moja ileile, tena na tena. Akasema lazima kuna waya umelegea.

Jioni ile nilipokwenda kumwaga taka nililikuta kopo tupu, nikasoma lebo. Ni mafuta ya magari ya kawaida. Shangazi, wewe mwenyewe ulinieleza: kompresa ya kawaida huzungushwa na mkanda, lakini ya haibridi huzungushwa na umeme mkali, na nyaya zake zimelowa humohumo ndani ya mafuta. Mafuta yakiwa ya aina isiyofaa, umeme unavuja. Ulisema hata mpira wa kujazia uliopitisha mafuta ya kawaida usiutumie kwenye haibridi. Gari lilijizima kwa sababu lilihisi hatari. Lina akili kuliko sisi.

Jumamosi hii Baba atalifungua atafute waya. Kuna plagi ya kukata umeme, najua, na anajua pa kuishika. Lakini wewe ulisema baada ya kuikata mtu lazima asubiri, kisha apime kwa mita, na mita ina namba. Na zile glavu za mpira ulizomtumia hazivai. Wiki iliyopita alizivaa akazivua palepale, akasema, "Nikizivaa hizi sioni kitu." Vijana wake wa kazi wakaangua kicheko, walidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Vidole ndiyo macho yake, Shangazi. Kwenye umeme ule ataingiza mikono mitupu ili aone.

Nimejaribu kumwambia. Jana nilisimama mlangoni mwa gereji mpaka miguu ikafa ganzi.

"Baba, lile kopo..."

"Lile kopo nini?"

"Limeisha?"

"Limeisha."

Nikaondoka. Usinidharau. Kumwambia habari ya kopo ni kumwambia habari ya macho, na kumwambia habari ya macho ni kumwambia funga gereji. Nani atamletea gari fundi asiyeona? Unakumbuka alivyokuwa akiwaonyesha wateja panapovuja, anapiga boneti kidogo na kusema, "Mwenye macho haambiwi tazama"? Siku hizi hasemi tena. Darasani wanafundisha na mimi naona midomo tu. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, na kila nikisikia kitu kimeanguka huko gereji najiuliza kama kilio chenyewe ndicho hicho. Maji yamenifika shingoni. Wewe ni dada yake mkubwa, ndiye pekee anayemwambia kaa akakaa. Mwambie asiliguse lile gari. Mwambie aende hospitali ya macho. Mwambie umeota, mwambie chochote, ila usiseme ni mimi...

Shangazi, niliiacha kalamu hapo juu kwa sababu Baba aliingia.

Alikuwa ametoka kuoga. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Unamwandikia nani?"

"Shangazi."

"Kurasa zote hizo? Umemwandikia kitabu?" Kisha akasema, "Nisomee."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa safi, bado inanuka sabuni. Naye alijua kwamba ni safi, na kwamba nimeitazama. Safari hii hakutaja mafuta.

Ningeweza kumsomea barua nyingine kabisa, ya mitihani na meno ya mdogo wangu. Asingejua. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe. Nikasoma yote, kuanzia shikamoo. Nilipofika kwenye chai na maziwa nikasita, akasema, "Endelea." Nilipofika kwenye glavu akavificha vidole vyake mapajani.

Nilipomaliza aliinuka akatoka. Nilidhani nimempoteza. Nikasikia vyuma vikigongana rafuni, akarudi na makopo mawili, akaweka moja juu ya barua hii. Ile duara ya mafuta unayoiona ukurasa wa kwanza imetokea hapo.

"Hili ni la nini?"

"La kawaida."

"Na hili?"

"La haibridi."

Akayachukua yote mawili, moja kila mkono, akayapima, akayageuza, akapitisha kidole gumba kwenye vifuniko. Muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemlalamikia mwenye duka, "Lakini yanafanana kabisa."



Hakuniahidi chochote. Nilimuuliza kama nichane barua, akakataa. Amesema nikuandikie hivi, maneno yake mwenyewe: "Dada, piga simu. Leo nimesikia, lakini Jumamosi ninaweza kuamka mbishi. Najijua."

Kwa hiyo bado nakuomba, Shangazi. Panda kilima.

Mama anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mdogo wangu anakusalimu kwa mdomo uliofungwa. Nisalimie yule nesi rafiki yako, na babu mlinzi wa lango aliyenitumia kalamu hii. Mungu akukinge na baridi ya huko, na akufungulie mtandao utakapouhitaji.

Ni mimi mwanao nikupendaye, niliyekaa kando ya simu ya Baba,

Mchwa wa Vitabu