Dawa ya Baba Yako Imeganda

Nyumbani,
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa binti yangu,

U mzima? Unakula? Usinijibu ndiyo tu, niambie unakula nini. Shangazi yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo. Dada yako anakusalimu, pamoja na Bonge wake ambaye ameota meno mawili na anang'ata kila mtu. Jirani yetu fundi cherehani anauliza utarudi lini. Baba yako anakusalimu kuliko wote.

Zile sindano mbili za kwanza zilimkubali. Alikuwa haongei kwa maumivu, sasa anakaa mlangoni akimtania shangazi yako. Kila mgeni anaambiwa kwamba dawa yake ina vibebeo vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinaipeleka mpaka kwenye uvimbe bila kugusa kwingine, na kwamba binti yake yuko huko vinakotengenezwa.

Mwanangu, sijui nianzie wapi. Ijumaa nesi alileta sindano ya tatu, akasema ikae kwenye friji mpaka Alhamisi atakapokuja kumchoma. Mlango wa friji yetu umelegea, haipoi vizuri. Nikaiweka juu kabisa, kwenye barafu, nikijua nimeitunza. Leo alfajiri nimeitoa kuitazama, imekuwa jiwe. Boksi lake lina mchoro wa barafu. Nilidhani inataka barafu. Dada yako ndiye aliyenionyesha kwamba mchoro umekatwa kwa mstari, yaani isigandishwe.

Imeyeyuka, lakini chini kuna chenga kama chumvi. Nesi alishasema kituoni hakuna nyingine mpaka mwezi ujao, na baba yako mwezi ni mrefu kwake.

Kila asubuhi ananiuliza, "Mama watoto, dawa yangu umenitunzia?"

Leo pia nimemjibu ndiyo. Miaka yote hii sijawahi kumdanganya.

Wewe unavijua hivyo vidogo. Vikiganda ndiyo basi? Akichomwa hivyo hivyo vitamdhuru? Nesi nitamwambia kesho, nimeshajikaza, lakini nataka nisikie kwako kwanza. Usinionee huruma.

Mungu akutunze huko, asikupe siku kama hii yangu. Wasalimie wote unaofanya nao kazi.

Dada yako ataipiga picha barua hii akutumie sasa hivi. Usipige simu, maana baba yako huiwahi, na ukisikia alivyochangamka utashindwa kusema. Andika, tena upesi. Shati la mikono mifupi la Alhamisi ameshaniomba nimpigie pasi.

Ni mimi mama yako, nikupendaye, mwenye moyo mzito.