Kofia Mapajani mwa Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Chai, dawa ya presha, kurasa kumi za kitabu. Dirisha moja, hapa Kitendaguro. Miaka arobaini na moja niliishi Tanga. Sasa nimerudi, na nimepanga chumba kama mgeni. Keshokutwa nakwenda Maruku, kijijini kwetu, kwa kaka Kaijage. Nataka kona ya kibanja, shamba la migomba alilotuachia baba, nijenge. Bila neno lake ukoo hautanipa. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Nimeharibu. Kaka haoni tena. Niliketi na kofia kichwani, nikidhani kwa kipofu ni sawa tu. Shemeji Koku alileta kahawa ya kutafuna, akanikazia macho, akakohoa. Kaka akanyoosha mkono, akasubiri. Nikampa mkono wangu. Akauachia. Tukazungumzia mvua. Kibanja sikukitaja.
Uani shemeji akanisimamisha, kwa heshima ileile ya kwetu: "Waitu shemeji, na kusoma kote huko! Alikuwa anataka kofia. Kila mgeni humpa."

Alhamisi, 6 Juni
Siku nzima vitabuni. Inaelezwa kwamba askari wa kale walivua kofia za chuma ili uso uonekane na nia ijulikane. Sababu nzuri. Lakini kaka hawezi kuuona uso wangu.
Nimekumbuka mlango wa msonge wa babu. Mfupi mno. Usipovua kofia, nyasi za paa zilikuvua. Waliojenga vile walikuwa na akili.

Jumamosi, 8 Juni
Maruku tena. Nilivua mlangoni, nikaiweka kofia mikononi mwa kaka. Akapapasa ukingo wake, akailaza mapajani. Nikamsimulia habari za askari. Akacheka hadi machozi.
"Hiyo ni sababu ya watu wanaoogopana, mdogo wangu."
Yake ni hii: mwenye kofia kichwani yuko safarini. Akimpa mwenyeji kofia, ameahidi kutoondoka kabla mazungumzo hayajaisha. Sijasoma popote maelezo bora kuliko haya.
Kisha, bila ukali: "Tulipomzika baba uliivaa kofia palepale kaburini. Matanga hayajaanuliwa, ukaenda."
Kweli. Miaka yote nimejitetea kwamba kazi ya Tanga isingengoja. Leo sikujitetea. Nilisema nimekosa. Nikaomba kona. Akaendelea kupapasa ukingo wa kofia. Nilipoaga, hakunirudishia kofia.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani, kisha kitandani. Sikula. Jioni shemeji amepiga simu: kaka amewaita wazee wa ukoo nyumbani, kofia yangu mapajani. Amewaambia, "Huyu hajaondoka." Basi. Hakuna aliyepinga.
Nimelia. Ni mtu mkubwa, kaka yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Kona ya mashariki, penye mibuni mitatu. Migomba miwili itang'olewa, shemeji ataipanda kwingine. Nimepima kwa hatua: vyumba viwili vinatosha. Kofia yangu imetundikwa msumarini nyumbani kwa kaka, karibu na yake. Jua la leo lilikuwa kali. Sikuiomba.