Kila Nyumba Wanamuuliza Justus

Bibi Mwanabibi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, na naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo kuna mtu atafukuzwa kwa ajili ya neno langu, na nusu ya moyo wangu inalia na nusu inafurahi, na hiyo inayofurahi ndiyo inayoniogopesha.

Mimi ni kijana wa milima ya Bugisu, kule Uganda, nimeletwa huku pwani na kanisa letu kueneza Injili kwa miaka miwili, na kanuni yetu ni kwamba tunatumwa wawili wawili, tunakaa chumba kimoja, tunapika pamoja, tunatembea pamoja, wala hatuchumbii mpaka muda wetu wa utumishi uishe. Mwenzangu ni Justus, kijana wa Bonde, Tanganyika. Alfajiri tunasali, mmoja anateka maji na mwingine anapiga pasi ya makaa, tunakunywa uji wetu, kisha tunashika njia ya Mjambere, nyumba kwa nyumba mpaka miguu inavimba, na jua la huku, Bibi, si kama la kwetu. Wako wanaotukaribisha na wako wanaotufungia mlango tukiwa bado tunapiga hodi. Hayo yote nayavumilia. Nisiyeweza kumvumilia ni Justus.

Si kwamba ana ubaya. Laiti angekuwa nao. Kiswahili amezaliwa nacho, mimi nimejifunza kitabuni, na nikisalimu, watu wanacheka kwanza ndipo wanaitika. Tukifika mahali yeye anakaa chini na kina mama wanaokuna nazi, anauliza kama mtoto amepona kikohozi, kama mbuzi amezaa, na mimi nimesimama na Biblia yangu nikingoja wamalize tuanze kazi iliyotuleta. Samaki akiletwa, kipande kikubwa ni chake. Mimi naitwa "mwalimu", yeye anaitwa "Justus wetu". Mahubiri nayatunga mimi, mistari naijua mimi, lakini nikitangulia kidogo tu njiani, hata sijakaribishwa, naulizwa Justus yuko wapi.

Kilichonichoma kabisa ni habari ya Mzee Katana. Huyu alikuwa mgema wa tembo, na ni mimi niliyekaa naye msimu mzima nikimsomea na kumweleza, hata akaacha kugema akasema yuko tayari kubatizwa. Wakati huo kazi ya Justus ilikuwa kucheza na wajukuu uani, na ndugu wa Mzee Katana alipofariki, Justus alipotea siku nzima kwenda kuchimba kaburi, akaniachia mimi peke yangu kutayarisha ibada ya Jumapili. Basi nikamwuliza mzee angependa nani ambatize, nikidhani jibu nalijua. Akaniambia, "Wewe umenifundisha, mwanangu, nami nakushukuru. Lakini ndani ya maji nataka anishike Justus." Justus mwenyewe alimsihi anichague mimi, na hilo likanichoma zaidi, maana sasa nilikuwa naombewa heshima kama mtu anayeombewa chumvi kwa jirani. Siku ya ubatizo nilisimama ufukweni nimeshika taulo.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Karibu na chumba chetu anakaa mjane mmoja na bintiye Florence, aliyekwisha kuposwa na watu wa Frere Town. Juzi juzi Florence alikuwa akichemsha tui apate mafuta, sufuria ikampindukia, akaungua mkono vibaya, na mamake alikuwa shambani. Tulisikia ukelele tukakimbia sote wawili. Nikamwambia Justus, "Baki naye, mimi nina mbio kukushinda," nikaenda zahanati kutafuta dawa na bendeji. Niliporudi nilimkuta ameushika mkono wa yule binti ndani ya beseni la maji, anamsemesha asije akazimia. Bendeji niliifunga mimi. Lakini kabla sijarudi kuna mtu alipita, akaona mvulana na msichana peke yao jikoni wameshikana mikono, na neno hilo likasafiri mpaka Changamwe kwa msimamizi wetu, Mchungaji Gona.

Mchungaji akaja, akaniita kando, akaniuliza kama ni kweli Justus alikaa peke yake na binti wa watu. Bibi, nilifungua kinywa nieleze yote. Papo hapo Mzee Katana akapita njiani, akampungia Justus mkono, akacheka naye kwa mbali, mimi hakuniona. Nikasema, "Wakati huo mimi sikuwapo." Kisha nikanyamaza.

Tangu hapo Justus amezuiwa kutoka kuhubiri, na Jumamosi Mchungaji anakuja kukata shauri, na yaonekana atarudishwa kwao kwa aibu. Anashinda chumbani, ananipikia kwa kuwa hana kazi nyingine, na ananiambia hana wasiwasi maana mimi ni shahidi wake. Hajui nilivyojibu. Nami natoka peke yangu, nikidhani sasa watu watanipokea kwa ajili yangu mwenyewe, kumbe kila nyumba wanamuuliza Justus, wanamtumia salamu, na jana mama mmoja alinifungia mihogo nimpelekee, nikatembea Mjambere nzima nimebeba mihogo ya Justus. Hata asipokuwapo ananishinda. Florence naye hatoki nje siku hizi, na nasikia wale wa Frere Town wameacha kuja.

Bibi, sikusema uongo. Ni kweli sikuwapo. Je, nina lazima ya kusema zaidi, au niache Mungu aamue? Au niombe kuhamishwa nisishuhudie?

Mwinjilisti Mgeni, Kisauni

Jibu la Mwanabibi:

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nakupelekea kwa mkono, maana gazeti haliwahi Jumamosi. Mimi ni Mwislamu wa Likoni, mambo ya ubatizo wenu siyajui. Lakini nimeishi na mke mwenza, na wivu naujua unavyolala na unavyoamka.

Nakuhurumia. Kuwa mgeni, kuchekwa salamu zako, kufanya kazi ukaona sifa inakwenda kwa mwingine, si jambo dogo, na wewe ni kijana uliye mbali na mamako. Huruma yangu inaishia hapo.

Unasema hukusema uongo. Wallahi, ungeusema ungekuwa na nafuu, maana mwongo hujua kwamba amedanganya. Wewe ulichukua kweli ukaikata shingo, ukampa Mchungaji kiwiliwili. Ni nani aliyemwambia Justus abaki na binti yule? Ni wewe. Ni nani aliyefunga bendeji? Ni wewe. Kisha unataka kumwachia Mungu aamue. Mungu aliamua siku ile alipokuweka hapo uone kwa macho yako.

Habari ya Mzee Katana, mbona jibu umeliandika mwenyewe na hulioni? Umeandika kwamba Justus "alipotea" kwenda kuchimba kaburi la nduguye mzee. Mwanangu, huko si kupotea. Wewe siku hiyo ulikuwa na mahubiri yako. Mzee amekushukuru kwa mafundisho, na shukrani hiyo ni kubwa, ungeipokea.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni hili, na limenikasirisha. Katika barua yako ndefu umelilia jina lako, ukalilia kidogo na la Justus. Florence umemtaja mwisho, kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja mvua. Justus akifukuzwa atapanda gari aende kwao, na Bonde watu watasahau. Yule binti ataendelea kukaa palepale, na mkono wake wenye kovu, na kila atakayeliona kovu atasema ndilo la siku ile. Ameungua mara mbili, na mara ya pili umemwunguza wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla hujala, mwambie Justus neno kwa neno ulilomjibu Mchungaji na kwa nini. Asikie kwako. Kesho vuka daraja uende naye Changamwe, usingoje Jumamosi, umweleze Mchungaji yote mbele ya Justus. Usiseme ulisahau. Sema uliona wivu. Kisha nenda kwa mama wa Florence umwombe radhi, na ukitoka hapo nenda Frere Town kwa watu wa posa, useme kwamba mlikuwa wawili na kwamba ni wewe uliyemwacha mwenzako pale. Usikae mpaka uambiwe kaa. Na kuhamishwa usiombe, huko ni kukimbia.

Wasomaji wangu, barua hii naichapa leo kwa idhini ya kijana mwenyewe na ya mama wa binti, na majina yote nimeyabadili. Kijana alikwenda. Mchungaji alimkemea vikali, akamrudisha Justus kazini siku ileile. Justus hakumgombeza. Alimwambia, "Nilikuwa nakuombea kila siku upendwe huku," akaomba apewe mwenzake mwingine, na sasa anahubiri upande wa Port Reitz. Mama wa Florence alimsikiliza, kisha akaingia ndani kwa bintiye. Wa Frere Town walimwacha asimame mlangoni mpaka akamaliza, wakamwambia wamesikia, na hadi leo hawajarudi wala hawajavunja posa.

Ameniandikia tena kuniuliza kama deni lake sasa limekwisha.

Bado, mwanangu. Umesema mara moja, na fitina ile imesemwa mara mia. Nenda tena Frere Town juma hili, na juma lijalo uende tena. Kila unapokwenda, mpitie mama wa Florence umwombe mwende pamoja, na akikataa nenda peke yako. Wakikufungia mlango, wewe umezoea milango. Kanisa lako lilikuleta pwani upige hodi. Basi ipige hiyo.