Jina Lako Jumapili

Santa Inés, mwezi wa tisa

Crisóforo, mume wangu uliye kaskazini,

Mahindi yamenipita kichwa, na maharagwe ya mbegu zako yameyaparamia mpaka juu. Mbolea ya dukani bado ni marufuku hapa kijijini. Jirani yetu Eladia alificha mfuko mmoja chini ya kitanda, wanawake wakamtania mpaka akaurudisha mwenyewe.

Kila Jumapili, kabla ya kazi ya shamba la kijiji, Mzee Abundio huita majina ya wenye vipande vya ardhi. Likifika lako najibu, "Yuko njiani," kisha nashika jembe lako. Wiki iliyopita Eladia akaropoka, "Kila siku njiani. Kwani anakuja kwa magoti?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mzee hakucheka. "Binti yangu, kanuni unaijua," akasema. "Asiyeonekana shambani, kipande chake hurudi kwa kijiji. Mkutano umekubali tuandike jina lako badala ya lake. Unasemaje?"

Niliyatazama maharagwe, nikasema, "Andikeni."

Kwa hiyo usihofu, kipande hakijaenda kwa mtu. Jumapili hii wameita "Eufrosina," nikajibu, "Nipo." Ila pale palikuwa mahali pekee nilipokuwa bado nikilisikia jina lako likiitwa kwa sauti.

Leo asubuhi nilikuwa napalilia peke yangu. Nikaliita, taratibu, kama Mzee anavyoliita. Kisha nikakujibia: yuko njiani.

Wako, anayekula mahindi yako,
Eufrosina