Jogoo wa Sikio Jeupe

Ban Mae Khlo, 6 Februari 1987

...na hilo ndilo nisilokuambia mlangoni, Mama, kwa raha za harusi: Ler Htoo wangu ni mwindaji. Kifua chako kimepoa? Mimi mzima, na mume wangu akicheka nasahau hata chungu motoni.

Ila jana nilimnunia. Alimchukua jogoo uliyenipa, yule wa sikio jeupe, akamfunga msituni awike, ili majogoo wa porini waje kupigana wanaswe na tanzi. Kamba ikakatika. Jogoo akafuata mitetea wa porini, hakugeuka nyuma.

Sasa mama mkwe hanifungi mkononi uzi wa kunipokea ukooni mpaka ichemshwe jozi ya kuku wa mbegu yako. Mtetea ninaye. Nitumie jogoo, Mama. Nimechoka kuitwa mgeni.

Binti yako, Paw Eh

Ban Pa Lo, 1 Machi

Binti yangu, salamu zimefika. Kifua kinakwaruza, lakini nalima.

Jogoo sina. Bwana mifugo alituletea majogoo weupe, wanono, nami kwa tamaa nikachinja wa zamani. Kisha ugonjwa wa mdondo ukawafagia hao weupe. Wako alikuwa wa mwisho wa mbegu ile.

Mfunge mtetea alfajiri kando ya mianzi, uondoke. Bibi yako alifanya hivyo kuku walipomwishia. Lile sikio jeupe unadhani lilitoka wapi? Na mumeo asisogeze matanzi yake hapo.

Mama yako

Ban Mae Khlo, 9 Oktoba

Mama, hujambo? Huku mapenzi tele, na hasira tele.

Jogoo wa porini alikuja. Vifaranga wakatoka na michirizi mgongoni, Ler Htoo akawalinda na mwewe kama wanawe, nikampenda upya. Lakini wamekua, banda hawalitaki. Wanalala juu ya mianzi. Nikiwaita wananitazama tu. Agosti, kwenye sikukuu ya uzi, kijiji kizima kilifungwa mikono, mimi nikaosha vyombo.

Juzi tulikamata jozi. Jogoo ana sikio jeupe! Mama mkwe akamgeuza-geuza, akasema, “Huyu wa msituni, mwanangu. Kuku wa mama yako huitika akiitwa.”

Ler Htoo ndiye aliyejibu: “Basi tumpelekee Mama mwenyewe awaite.”

Mkono wangu bado mtupu, Mama. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, kapu la kuku hao mgongoni kwa Ler Htoo. Weka mchele kiganjani, lakini usiite mpaka nikae karibu nawe.

Binti yako, Paw Eh