Maneno Niliyomtia Kinywani Daktari wa Sinema

Chumba cha nyuma ya ukumbi wa video,
Jumapili, kabla ya onyesho la jioni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, na nyuma yake pokea za nyumba nzima. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Wapwa wangu je, bado wanapigana vile vita vyao vya kukataa kulala? Na kile kikohozi chako cha baridi, kimekuaga au kimehamia moja kwa moja? Mara ya mwisho ulisikika kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya mtungi, na hukusema kama ulikwenda kujionyesha kwa daktari. Mimi mwili haunidai kitu. Kilichougua ni uso, na ugonjwa wa uso hauna dawa ya kupaka.

Utashangaa kupata barua wakati simu zimejaa kila mfuko. Simu za siku hizi zina macho, Dada. Nilipoanza kazi nilisimulia filamu moja ambamo mtu anazungumza na mkewe aliye mbali, na kila mmoja anamwona mwenzake kwenye kioo. Nikawaambia watazamaji hiyo ni chumvi, jambo kama hilo halitatokea. Leo kioo hicho ninacho, kimepasuka pembeni, na ndicho ninachokikimbia. Karatasi hainitazami.

Kwanza nifute uongo mdogo, ndipo nifike kwa mkubwa. Uliponiuliza habari za Mama nilikwambia amechoka tu, kazi zimekuwa nyingi. Si kweli. Vidole vya mkono wake wa kulia vimekuwa vikifa ganzi tangu zamani kidogo, naye akivificha kama mtoto anavyoficha kikombe alichovunja. Kisha siku moja sindano ya cherehani ikampita kidoleni asijue. Alijua alipoona damu kwenye kitambaa cheupe cha mteja, akaanza kumlaumu mteja kwa kuleta kitambaa kichafu. Halafu yakaja maumivu ya kichwa. Daktari alipomchunguza akasema lazima apigwe picha ya ndani ya kichwa, kwa ile mashine kubwa ya sumaku ambayo mgonjwa analazwa na kusukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri.

Sasa ndipo ninapoingia mimi na mkosi wangu.

Wewe ulisafiri kabla sijashika kipaza sauti, kwa hiyo kazi yangu umeisikia kutoka kwa Mama peke yake, na Mama ni mama. Acha nikueleze mwenyewe. Filamu inakuja kwa lugha ya kigeni. Tunapunguza sauti yake, mimi nakaa pembeni mwa pazia, na kila mtu anapofungua mdomo kwenye picha nasema kwa lugha yetu alichosema. Au tuseme, ndivyo inavyotakiwa. Lugha yenyewe nilijifunza kwa redio, kwa maandishi ya kwenye maboksi ya vyombo, na kwa hizo hizo filamu. Mapenzi nayaweza, ugomvi nauweza, na matusi nayaweza kuliko wenyewe. Shida ni filamu za mambo ya kisayansi. Pale mtaalamu anasimama mbele ya ubao wa taa taa, anaongea mpaka miwani inaingia ukungu, na mimi nimeambulia neno moja: "sasa". Ukumbi mzima unanisubiri. Msimulizi aliyenyamaza ni bomba lisilotoa maji, watu wanaligonga. Basi, nikawa natia maji yangu.

Watu waliyapenda. Wakaniita Profesa. Wakaanza kuniuliza hata njiani, mambo ya kweli sasa: eti vile vyombo vinavyozunguka juu ya anga vinaona kupitia bati? Eti mashine ya benki inakariri sura ya mtu? Nami nikawa najibu, Dada, tena kwa kukunja uso. Nilivyosema haviwezekani vimewezekana vyote, na nilivyosema vimeshafika bado sijaviona. Mtu anayekosea pande zote mbili kwa ustadi ule anastahili yeye ndiye apigwe picha ya kichwa.

Mama alikuwa hakosi. Benchi la mbele, nguo ya mteja mapajani, anashona upindo kwa mwanga wa filamu. Akikaa na mgeni humgusa kiwiko: "Huyo anayesema ni mwanangu." Kana kwamba ningeweza kuwa mwana wa mwingine, kwa pua hii.

Kuna filamu moja tuliyoirudia mara nyingi kwa sababu inajaza ukumbi. Ndani yake mtu analazwa kwenye pipa kubwa jeupe, na daktari wa filamu anamsemesha kwa upole kwa muda mrefu. Sikuelewa hata sentensi moja. Nikachukua sauti nzito, nikasema: "Humu anaingia wa kwetu, anatoka wa kwao. Sura ni ile ile, lakini roho inabaki humu ndani kama ganda la ndizi." Ukumbi ulilipuka. Wengine waliondoka wakilirudia hadi majumbani. Mwenye ukumbi alinishika bega akasema, Profesa, hilo usilibadilishe. Sikulibadilisha.

Basi, Jumatano nikampeleka Mama hospitali. Nilimshikia mkoba. Milango ilijifungua yenyewe kama ya kwenye filamu, ila mmoja ulikuwa umewekewa kigoda usijifunge. Tulikaa kwenye foleni mpaka makalio yakasahau yametoka wapi. Hilo nalo nimelitambua kwa macho yangu, Dada: mashine za filamu zina nia mbaya, za kweli zina foleni.

Jina lake likaitwa. Mlango ukafunguliwa na dada mmoja wa mashine, mwenye koti jeupe. Kwa nyuma yake Mama akaliona pipa. Akasimama hapo hapo mlangoni.

"Humo siingii," akasema.

Dada wa mashine akamwambia, "Mama yangu, halina maumivu."

"Najua halina. Ndiyo hatari yake. Mwanangu amelisomea hili."

"Mwanao yupi?"

"Huyo hapo, aliyeshika mkoba wangu."

Foleni nzima ikanigeukia. Dada wa mashine akaniangalia kuanzia viatu, akauliza nimesomea wapi. Nikajibu kwa kukohoa.

Hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi, tena ule haukuhitaji hata umeme. Badala ya kupita, nikaongeza uongo. Nikamwambia, "Mama, lile la kwenye filamu ni la toleo la zamani. Haya mapya yamerekebishwa."

"Yamerekebishwa na nani?"

"Na... wenyewe."

"Wa kwetu au wa kwao?"

Mtu mmoja akacheka. Lakini mzee aliyekuwa amefungwa kitambaa kichwani, ambaye zamu yake ilifuata, hakucheka. Aliinuka, akakung'uta suruali. "Kumbe ni lile pipa," akasema. "Kijana huyu namjua, ni yule wa ukumbi. Hatanii." Binti yake akamshika mkono: "Baba, kaa, tumengoja siku nzima!" Mzee akamvuta binti. Mama mwingine aliyebeba mtoto naye akaanza kukusanya vitu vyake. Nikaona foleni inamomonyoka kwa maneno yangu, niliyoyatunga nikiwa na njaa ya kupigiwa makofi.

Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ile ya ukumbini, maana ndiyo pekee waliyokuwa wakiiamini. Nikasema sikusoma popote. Nikasema yule daktari wa filamu sikumwelewa hata neno, yale ya roho na ganda la ndizi ni yangu mwenyewe, nimeyatoa tumboni. Nikamwomba mzee arudi akae.

Dada wa mashine akauliza ni filamu gani. Nilipomweleza akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameiona nyumbani kwake, na lugha anaielewa. "Unajua yule daktari anasema nini pale? Anasema, tulia, usijitikise, utasikia kelele kubwa lakini usiogope, niko hapa nakusikia. Hayo hayo ninayomwambia mama yako sasa hivi."

Dada yangu, fikiria. Filamu ya uzushi, iliyotungwa na watu wanaolipwa kwa kutunga, ilisema kweli tupu. Wa kuzua nilikuwa mimi.

Mzee alikaa. Alikaa akinitazama kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine ndani. Mama alinyoosha mkono.

"Nipe mkoba wangu."

Nikampa. Akauvaa begani mwake mwenyewe, akaingia. Hakugeuka.

Ningeishia hapo aibu ingetosha, lakini kuna kilichobaki, nacho kinaniuma zaidi. Sumaku ile haitaki chuma. Dada wa mashine alimwambia Mama atoe kila kitu, na unamjua Mama: fundi cherehani anavaa duka lake. Zikatoka pini za kilemba, pini za kifuani, bizimu, na kijisindano cha kwenye mkanda. Alimpa yule dada zote, na mimi nimesimama mlangoni na mikono mitupu. Akaulizwa kama kuna kingine. Akajipapasa kola yote, upande hadi upande, akasema hakuna.

Mimi nikasema, "Mama, ile ya nyuma ya kola."

"Na hiyo umeitunga?" akaniuliza.

Akajipapasa tena, pole pole, kwa mkono ule ule wa kulia. Vidole vilipita juu yake. Niliviona vikipita, Dada, na sindano ipo hapo inang'aa. "Hakuna," akasema. Dada wa mashine akasogea, akaichomoa, akamwonyesha kwenye kiganja. Mama aliitazama sindano, kisha akavitazama vidole vyake, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa kitu ambacho sikumwogopesha mimi. Nilitamani ningekuwa nimekosea, kama kawaida yangu.

Picha ilitoka. Kuna uvimbe mdogo kichwani, unaobana sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mkono. Daktari anasema unatolewa, na kwamba kuuona mapema ni nusu ya kazi. Upasuaji umepangwa mwezi ujao. Hayo ni maneno yake. Sikuyatia chumvi wala sukari.

Mama sasa haji ukumbini. Hajanigombeza, na afadhali angenigombeza. Wateja wakimwuliza mbona haonekani huwajibu, "Mwanangu hutunga," kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kusema mwanangu hupata pumu. Juzi nilijaribu kusimulia kwa uaminifu. Mtaalamu kwenye picha alipoanza maelezo yake nikasema kwenye kipaza sauti, "Hapa sijamwelewa." Wakapiga miluzi. "Tunga, Profesa!" Mwenye ukumbi akaniita pembeni akaniambia ukweli watu wanao nyumbani wa bure, huku wanalipa kiingilio. Sijui kama nitadumu. Lakini sura ya yule mzee hainitoki.

Jana usiku Mama akiwa kwenye cherehani akaniita. Aliambiwa kwamba siku ya upasuaji kutakuwa na mashine nyingine ya kumwonyesha daktari njia kichwani. Akaniuliza inafanyaje kazi. Tayari ulimi wangu ulikuwa umeshanyanyuka, ukiona picha: mkono wa chuma, taa ya buluu, sauti inayohesabu. Nikaurudisha.

"Sijui, Mama."

Alisimamisha gurudumu. "Ungeanza na hilo," akasema, "tungekuwa mbali." Kisha akasema, "Nenda kaulize anayejua. Ukirudi usiniongezee."

Nilikwenda asubuhi hii, nikamngoja daktari kwenye ukumbi wa wodi mpaka alipopata nafasi. Alinieleza, nikamwomba arudie, akarudia. Nikarudi nikamwambia Mama nilichoelewa: ni picha zile zile, zinawekwa kwenye kioo wakati wa kazi, daktari akisogeza chombo chake anaona kiko wapi. Mkono ni wa daktari. Mashine haifanyi kitu peke yake. Akauliza, "Basi?" Nikasema, "Basi, Mama. Mengine sikuyaelewa, nitauliza tena." Akarudi kwenye upindo wake. Sijawahi kusimulia kitu kifupi namna hiyo, wala kusikilizwa namna hiyo.

Dada, njoo kabla ya siku yenyewe kama Shemeji ataweza kubaki na watoto. Hatakuita yeye. Ila amemaliza nguo zote za watu, hata za wale wasiorudi kuzichukua, amezipiga pasi na kuzikunja na kuzipanga ukutani kama mtu anayehama. Atakapokupigia akakusimulia habari zangu, usinitetee. Yote atakayosema ni kweli.

Nisalimie Shemeji, mwambie deni la kumshinda karata bado liko palepale. Wabusu wapwa wangu, na wakikuuliza kama Mjomba Profesa anajua roketi zinavyopaa, waambie anakwenda kuuliza. Shangazi anakusalimu, anasema sauti yako ya mtungini ipewe tangawizi. Mama anakusalimu pia, ingawa hajui kuwa naandika.

Mungu akufungulie njia ya kuja, aushike mkono wa daktari siku ile, na avirudishie vidole vya Mama maumivu yake ya halali.

Akupendaye, ijapokuwa hana uso wa kukutazama,

Mdogo wako.