Mtaa Umekubali Kukuzika

Jirani yangu Mwalimu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu umri wako unaidai, na mama yangu alinilea nisimpite mtu kama napita jiwe, hata niwe nimemkasirikia vipi. Baada ya hapo sina maneno matamu.

Binti yako alinipigia simu Jumanne kutoka Songea. Alisema miguu yako imevimba, siku hizi safari yako ni ya kitandani hadi barazani, na umemtuma aniulize jambo moja: siku ikifika, mtaa utakupokea? Unataka kulala Mbinga, ubavuni kwa mkeo, na unataka majembe yawe ya majirani, si ya vibarua. Mwenyekiti wa umoja wa wakazi sasa ni mimi, kwa hiyo swali limeangukia kwangu. Nimelipeleka kikaoni. Jibu lipo, nitalifikia. Barua hii naibandika pia kwenye ubao wa umoja, asome kila mwenye macho, maana ulichonifanyia ulikifanya mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa kaya tisa tu, mibuni ikiwa bado imesimama katikati ya viwanja. Nyumba yangu haikuwa na madirisha, nimeziba kwa mifuko ya saruji. Nilipanda kutoka Lipingo na ndoo mbili za usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikauza, nikarudi ziwani, nikapanda tena, mpaka nikaweza kufyatua matofali yangu mwenyewe. Yale ya nyumba ile ni elfu nne mia sita na kumi, na hakuna mwanamume aliyeninunulia hata moja. Asubuhi moja ya baridi ya Juni ulikuja umevaa koti la suti na kandambili.

"Mama Tumaini, nasikia unahesabu hata hatua zako."

Nikakuambia kutoka mlangoni kwangu hadi chemchemi ni mia mbili na kumi.

"Basi," ukasema, "ukatibu umeshaupata."

Wewe ukawa mwenyekiti, mimi katibu, ukanifundisha kuandika muhtasari. "Muhtasari si hadithi, mama. Andika kilichoamuliwa, acha kilichosemwa." Tulichimba mtaro wa maji ya mvua, mita mia na themanini kwa Jumamosi sita, nawe mstaafu umeshika sururu ukinitania kwamba sisi Wanyasa jembe tunalipiga kama kasia. Mkeo, Mungu amrehemu, alituletea viazi vya kuchemsha na kahawa ya mtungi mzima. Nasema kweli, siku zile nilijiona nimepata baba mjini.

Kisha tukatunga kanuni ya misiba. Hapa niseme ukweli wote, hata ule unaonichoma mimi. Namba tatu ilikuwa yangu. Wewe ulitaka tano, nikakuambia tano ni kubembeleza wavivu. Tukakubaliana: kaya ikikosa misiba mitatu bila udhuru, siku yake mtaa utatoa pole, lakini majembe na masufuria hayatatoka. Wewe ukaongeza lako: udhuru utangazwe na mwenyekiti kwa mdomo wake, makaburini, watu wasikie, ndipo uandikwe. "Ili pasiwe na udhuru wa chini ya meza," ulisema. Tulipiga makofi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mzee Ndunguru. Mkewe alipofariki nilisimama na daftari nikasoma tarehe zake tatu. Mzee wa watu alikosa kwa sababu alikuwa akimuuguza huyo huyo mkewe, ila hakumwambia mtu, ni mkimya. Alichimba kaburi na wapwa zake wawili, kisha akajitoa kwenye umoja. Hilo ni langu. Sikutwishi.

Lako linaanzia kwenye malori. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yalipoanza kukatisha mtaani kwetu kukwepa barabara kuu, nilikaa kwenye ngazi siku moja nikahesabu thelathini na manne kabla ya saa sita mchana. Mtaro wetu ukabomoka. Kahawa iliyoanikwa ikavaa vumbi jeusi. Ukaja kwangu kwa mlango wa uani.

"Nenda wilayani wewe. Mimi siwezi kuonekana."

Mkwe wako alikuwa na lori mle. Nilikuelewa, nani hataki amani na mkwe? Nikaenda mara tatu, na mara zote tatu siku niliyopangiwa kumwona ofisa iliangukia siku ya msiba mtaani. Kila mara nilikujia nikakuuliza nifanyeje.

"Nenda tu, mama. Udhuru wako nautangaza mimi."

Niliporudi mara ya kwanza nikakuta kwenye daftari nimewekewa mkasi, alama ya asiyefika. Nikakuuliza. Ukasema watu walikuwa na uchungu, haukuwa wakati wake, utarekebisha kikaoni. Mara ya pili vilevile. Mimi ninayehesabu mabati ya jirani fundi akiwa bado yuko juu ya paa, hilo sikulihesabu. Nilikuwa nahesabu malori. Na yalikoma! Baada ya safari ya tatu kizuizi cha chuma kikasimikwa pale kona, mtaa ukashangilia, watu wakasema serikali imesikia. Sikudai shukrani. Niliamini yupo mtu mmoja anayejua.

Wiki tano baadaye mama yangu akafariki.

Ulimjua. Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, akiilaani baridi ya Mbinga kwa Kinyasa. Lakini nilipomwambia nitamrudisha Lipingo siku yake ikifika, alikataa. "Nizike ulipo wewe. Kaburi lisilo na wa kulifyekea ni shimo tu."

Kamati ilikaa uani kwangu, mama yumo ndani. Mtu akafungua daftari akasoma tarehe zangu tatu. Sikuogopa. Nikasema, "Mwalimu, waambie."

Watu wote wakakugeukia. Mkwe wako alikuwa benchi la nyuma. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati, ukaivaa tena.

"Kanuni ni kanuni, Mama Tumaini. Na wewe ndiye uliyetuandikia."

Maneno tisa. Nimeyahesabu mara nyingi, hayajawahi kupungua.

Kaka zangu watatu walipanda kutoka ziwani na gari la kwanza. Kwetu chini udongo ni mchanga. Huku kwenu ni mwekundu, ukishuka kidogo unakutana na mwamba. Vijana wa mtaa humaliza kaburi kwa saa tatu. Kaka zangu walianza saa mbili asubuhi, na saa nane mchana walikuwa bado hawajafika kifuani. Vijana wawili walisimama kwenye mpaka, mikono mfukoni.

"Shemeji, hapo hakuna samaki!" mmoja akapaza sauti. Mwenzake akamzaba kofi la mgongo, lakini alicheka.

Ndipo akaja Mzee Ndunguru, jembe begani, mtaimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Watakusema."

"Marahaba. Waseme nini? Mimi si mwanachama, kanuni zenu hazinihusu."

Akavua viatu akashuka. Mtu aliyechimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mahindi kwenye mteremko, tangu utoto wake hafundishwi shimo. Aliwaonyesha kaka zangu kuupasua mwamba kuanzia pembeni. Saa kumi na robo tukazika. Ulikuwepo, mstari wa nne. Ulitupa udongo wako, ukanipa mkono, ukasema pole. Mimi nikasema asante. Mwaka huo huo ukahamia Songea, kwa mkwe huyo huyo, na habari ya kuhama kwako niliipata kwa dereva aliyebeba makabati.

Sasa kikao cha Jumapili. Tangu uondoke tumezika watu kumi na mmoja. Hukuja kwa hata mmoja, hukutuma hata neno. Kwa kanuni yetu umepitiliza kwa misiba minane. Nilisoma swali lako nikangoja mtu aombe daftari. Nilingoja kwa makusudi, nikanywa maji glasi nzima.

Mama mmoja akasema, "Mwalimu wetu? Huyo naye ni wa kuulizia?"

"Jembe la kwanza ni langu," akadakia fundi baiskeli. "Bila fimbo zake ningejua kusoma mimi?"

Wakacheka, wakakukumbuka, wakasimulia vituko vyako. Niliita mikono. Tulikuwa thelathini na saba, mikono ilikuwa thelathini na mitano. Mmoja alikuwa amesinzia. Mwingine ni mimi. Nikatangaza kwamba limepita.

Usidhani naumia kwamba watakuzika. Majirani wema huzikana, ndiyo maana tuliungana. Naumia kwa kuwa nimeona jinsi kanuni ilivyokunjika, laini kama kitenge kilichofuliwa, wala hakuna aliyetumia nguvu. Kumbe siku zote ilikuwa inakunjika. Ilikuwa chuma kwa mzee asiyejisemea, na ikawa chuma kwa mwanamke wa kuja, na mama yake akalala ndani kutwa nzima akingoja shimo. Mimi nilikifua chuma hicho. Lakini ufunguo, Mwalimu, ulikuwa mdomoni mwako.

Basi jibu lako ndilo hili. Utachimbiwa. Nitapanga zamu za maji na kuni, nitapika mwenyewe sufuria ya kwanza, nitasimama mpaka shada la mwisho liwekwe, na wanao hawatapungukiwa kitu. Hayo nakuahidi kama mwenyekiti.

Kama jirani, nina ombi. Usije kwanza ukiwa kwenye jeneza. Kutoka Songea si mbali, barabara ni lami, na mkwe wako ana magari. Kikao ni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Nitakuwekea kiti chenye mgongo karibu na mlango, usisimame. Keti hapo mbele ya watu wale wale, na mkwe wako akiwepo ni vizuri zaidi, useme: "Zile mara tatu, nilimtuma mimi."

Ukisema hivyo nitanyoosha mkono wangu, ukamilike mtaa mzima.

Usipokuja, watakuzika vizuri, nami nitawapakulia chakula. Ila nitakuwa namzika mwenyekiti aliyetangulia, si jirani yangu.

Bado ni jirani yako, wa ukuta wa kushoto,

Mama Tumaini